Long Walk ya Windsor: shajara ya mwenye kitalu kutoka Nyeri

Nina kitalu cha miche kando ya barabara ya kutoka Nyeri kwenda Mweiga. Nauza muiri, mukuyu, grevilea na parachichi, na kila msimu wa mvua hakosi mtu wa kununua miche ya kupanda pande mbili za njia ya kuingilia bomani kwake. Swali lake huwa lile lile: itachukua muda gani kutoa kivuli? Ndiyo maana shangazi yangu aliponialika kwake Slough, Uingereza, jambo la kwanza nililomwuliza lilikuwa umbali wa Windsor. "Dakika sita kwa treni," akanijibu. Siku hiyo hiyo nikaanza kutafuta karatasi za viza.

Kwa asiyeifahamu, Long Walk ni njia iliyonyooka ya kilomita nne na robo hivi. Inaanzia lango la kusini la kasri la Windsor, inaishia kwenye sanamu ya farasi juu ya kilima cha Snow Hill, ndani ya Windsor Great Park. Mfalme Charles II alianza kuipandisha miti kati ya mwaka 1680 na 1685, safu mbili kila upande. Nilitaka kujua kwa macho yangu njia ya miti inaishije zaidi ya miaka 300 ilhali miti yenyewe hufa.

Haya nimeyaandika baada ya kurudi, kutoka kwenye kijitabu changu na picha za simu. Safari ilikuwa Oktoba 2024. Pauni moja nilikuwa nikiihesabu shilingi 170 za Kenya.

Kabla ya kuondoka

Viza ya mgeni ilinigharimu pauni 115, alama za vidole nikatoa Nairobi. Anayekwenda kwa ndugu aombe barua ya mwaliko inayoeleza atalala wapi na nani atamlisha, kisha aambatishe taarifa za benki za miezi kadhaa. Mimi niliongeza picha za kitalu na leseni ya biashara, kuonyesha kwamba nina kazi inayonisubiri nyumbani. Anza mapema, siku za kusubiri zinachosha kuliko ndege.

Jumamosi, 12 Oktoba. Heathrow hadi Slough

Ndege ya usiku sina la kusimulia, nililala. Foleni ya pasipoti ilikuwa ndefu, lakini ofisa aliyenihudumia alikuwa mpole. Aliponiuliza nimekuja kufanya nini, nikamwambia nimekuja kumwona shangazi na kuiona Long Walk. Akagonga muhuri huku akinishauri nivae viatu visivyopitisha maji. Ushauri huo ulinifaa.

Kutoka uwanjani hadi Slough usipande teksi. Mabasi ya kawaida yapo, na wakati nilipokuwa kule nauli ya safari moja kwa mabasi mengi ya Uingereza nje ya London haikuruhusiwa kuzidi pauni 2. Kuanzia Januari 2025 kiwango hicho kilipanda hadi pauni 3, bado ni nafuu mno. Unagusisha kadi ya benki kwenye mashine ya dereva, basi. Pesa taslimu nilizobadilisha Nairobi karibu zote nilirudi nazo.

Shangazi alinisubiri kituoni akiwa na koti lake la akiba. Ni muuguzi mstaafu, ameishi kule tangu mimi nikiwa shule ya msingi. "Vaa kwanza, mwanangu, salamu baadaye," akasema. Jioni tulikula mukimo wa njegere na kuku wa kuchemsha, kwenye nyumba yenye joto, huku mvua ikigonga dirisha.

Jumapili, 13 Oktoba

Kanisani asubuhi, wageni wa shangazi mchana kutwa. Wote walitaka habari za nyumbani, na wote walinihakikishia kwamba Long Walk ni ya kwenda na kurudi kwa miguu.

Jumatatu, 14 Oktoba. Long Walk yenyewe

Treni ndogo ya kutoka Slough haiendi kwingine kokote isipokuwa Windsor. Reli hiyo ilifunguliwa mwaka 1849, na kabla ya kufika unavuka mto Thames juu ya daraja la chuma alilolisanifu mhandisi Brunel. Kaa upande wa kushoto: kasri linatokea lote kwa mara moja, mnara wake wa mviringo ukiwa juu ya paa za mji. Nauli ni pauni chache tu. Tukashuka, tukapita sanamu ya Malkia Victoria, tukafuata mtaa mkuu hadi Park Street. Mtaa huu ni mfupi na una nyumba za zamani. Mwisho wake kuna lango, ukishalivuka umeingia Long Walk.

Hakuna tiketi wala mtu wa kukuuliza. Kushoto ni kasri nyuma ya mageti ya chuma. Kulia njia inashuka kidogo, inalala tambarare, kisha mbali kabisa inapanda kilima, na juu ya kilima pana nukta nyeusi. Shangazi akanionyesha kwa mwavuli: "Ile nukta ndiyo farasi. Usipoipoteza machoni utafika."

Nilianza na miti ya kwanza na nikachelewa hapo, shangazi akinivumilia. Miti ya leo ni ya aina mbili, miplatani na michesnati farasi. Mplatani humenyuka gome vipande vipande, na chini ya kila kipande rangi ni nyingine: krimu, kijani cha majani mabichi, kahawia. Niligusa shina moja na kipande kikabaki mkononi, chembamba, kikavu, kimejikunja pembeni. Mti unaojimenya hivi hustahimili vumbi na moshi vizuri, ndiyo sababu miji mingi ya Ulaya huupenda.

Michesnati farasi ilikuwa na hali nyingine. Majani yake yalikuwa yamekauka rangi ya kutu wakati miplatani bado ina kijani. Nilichuma jani moja lililoanguka, nikaliinua kwenye mwanga. Ndani ya jani, kati ya ngozi ya juu na ya chini, kulikuwa na vijichumba virefu vilivyopauka, na kimoja kilikuwa na unga mweusi wa kinyesi. Hiyo ni kazi ya kiwavi wa nondo mdogo sana aliyeonekana Uingereza kwa mara ya kwanza mwaka 2002 na sasa ameenea karibu nchi nzima. Hauui mti, ila kila mwaka anaupunguzia chakula kabla ya baridi. Mwenye kitalu hawezi kupita kitu kama hicho bila kusimama.

Miti hii siyo ile ya Charles. Ya kwanza ilikuwa elmi, na hesabu inayotajwa ni miti 1,652. Nilikaa kwenye nyasi nikapiga hesabu: ukiigawa kwa safu nne, kila safu inapata miti 413, na kwa njia ya kilomita nne na robo hiyo ni karibu mita 10 kutoka mti hadi mti. Nafasi hiyo ni kubwa. Anayepanda kwa kutaka kivuli cha haraka hubana mita nne au tano, kisha baada ya miaka 20 miti inagombania mwanga na nusu yake inakatwa. Aliyepanga Windsor aliwaza mti mzima, si mche. Barabara ya katikati ya magari ya farasi ilikuja baadaye, Malkia Anne aliiongeza mwaka 1710.

Kisha elmi zikaugua. Kuna kuvu inayobebwa na mbawakawa wa magome, inaziba mishipa ya maji ya mti, matawi yanakauka kuanzia juu. Katika miaka ya 1940 elmi za Long Walk zilizokuwa zimezeeka na kuugua ziliangushwa, mahali pake pakapandwa miplatani na michesnati hii. Fikiria ni wakati gani: nchi iko vitani au imetoka tu vitani, chakula kwa mgawo, nyasi za bustani hii hii zimelimwa ngano. Bado mtu aliketi akaamua safu zile zile zirudishwe kwenye mistari ile ile. Kwa hiyo miti niliyoigusa ina umri wa miaka 80 hivi, na njia ina 340. Hilo ndilo nililolifuata, na nililiona wazi.

Watoto watatu walikuwa wakiokota mbegu za chesnati na mama yao. Ganda lake ni la kijani lenye miiba, likipasuka mbegu inatoka ikiwa imeng'aa kahawia kama kiatu kipya kilichopigwa rangi. Mdogo wao aliniona nikichungulia, akaja kunipa yake iliyo kubwa zaidi. Mama akaniambia watoto huzitoboa, wakazifunga uzi, wakashindana kuzipasua. Tahadhari: haziliwi, zina sumu. Chesnati tamu inayochomwa makaa na kuuzwa mitaani wakati wa baridi ni mti mwingine kabisa, na ganda lake lina miiba mingi myembamba.

Mbele kidogo njia inakatwa na Albert Road, barabara ya magari. Kuna taa za waenda kwa miguu, subiri zako, magari yanakwenda kasi. Goti la shangazi lilikuwa limeanza kulalamika, akarudi mjini kunywa chai. Alinikabidhi mfuko: chapati nne zilizofungwa kwa karatasi ya aluminiamu, ndengu kwenye kibuyu cha plastiki, na thamosi ya chai ya maziwa. "Ukichoka kaa, hakuna anayekufukuza," akaniambia.

Baada ya Albert Road watu wanapungua. Nilitembea na mama mmoja mzee mwenye mbwa mweupe, aliyeniomba nimshikie mnyororo afunge kamba ya kiatu, na tukaendelea pamoja. Alikuwa hapa tarehe 19 Septemba 2022, siku ya mazishi ya Malkia Elizabeth II. Alifika kabla ya jua kuchomoza akiwa na kiti cha kukunja, akasimama saa nyingi. Gari lililobeba jeneza lilipanda Long Walk kuelekea kasri polepole, askari wakitembea mbele na nyuma, na pembeni ya njia farasi mdogo mweusi wa Malkia, Emma, amesimama na mtunzaji wake. "Maelfu na maelfu ya watu," akasema, "na ulichosikia ni miguu tu." Aliponiuliza ninatoka wapi nikataja Nyeri, akaguta: "Ah, ni kule alikokuwa!" Nilimwambia ndiyo, ni kule. Nitalirudia hilo siku ya Alhamisi.

Lango la mbuga ya kulungu ni dogo, linajifunga lenyewe. Ubao unakuonya mbwa wafungwe na watu wakae mbali na wanyama. Kulungu wekundu waliondolewa hapa wakati wa vita vya pili, wakarudishwa mwaka 1979 kwa agizo la Prince Philip: majike 40 na madume wawili. Leo kundi lina wanyama 500 hivi. Oktoba ni msimu wao wa kupandana, na niliwasikia kabla ya kuwaona. Dume hunguruma kutoka tumboni, sauti nzito inayokwaruza, kisha mwingine anajibu kutoka upande wa pili wa nyasi. Mmoja alivuka barabara mbele yangu, shingo ina manyoya yaliyolowa tope, pembe zimenasa majani. Sheria ni kukaa angalau mita 50, na msimu huu kaa mbali hata zaidi. Usijiweke kati ya madume wawili wala kati ya dume na majike yake. Kijana mmoja mwenye kamera alikuwa akinyemelea karibu, yule mama mwenye mbwa akampigia kelele mpaka akarudi nyuma. Kisha mama akaniaga akashika njia ya mkato kwenda kwake.

Kilima kinaanza taratibu halafu kinakaza. Mvua nayo ikaanza. Nilifika kwenye farasi nikiwa nimelowa mabega, nikala chapati na ndengu nimejibanza chini ya msingi wa sanamu, uliojengwa kwa mawe makubwa yaliyopangwa kama mwamba wa asili. Sanamu ni ya Mfalme George III akiwa amevaa kama kaisari wa Roma, mkono mmoja ameunyoosha mbele. Mwanawe George IV ndiye aliyeiagiza, Richard Westmacott akaichonga, ikasimamishwa mwaka 1831. Ni kubwa kuliko picha zinavyoonyesha. Kichwa changu hakikufika hata juu ya mawe. Wazee wa Windsor husimulia kwamba mchongaji alisahau vikanyagio vya miguu kisha akajiua kwa aibu. Si kweli. Warumi hawakutumia vikanyagio, na Westmacott aliishi hadi mwaka 1856.

Geuza uso ulikotoka. Njia nzima inalala chini yako, miti imeishika pande zote mbili, na mwisho wake kasri linakaa katikati kabisa bila kupinda hata kidogo. Ndege za Heathrow zinapita juu moja baada ya nyingine. Niliona pia pengo: sehemu iliyo karibu na kilima haina safu kama kule chini, njia inaingia kwenye nyasi wazi. Macho hayachoki kwa sababu hiyo. Kule chini miti inakubana utazame mbele tu, hapa juu inakuachia utazame kote.

Kwenda na kurudi, tenga nusu siku na zaidi. Njiani sikuona choo wala duka, kwa hiyo malizana na mambo hayo mjini, na ubebe maji. Sehemu kubwa ni lami, kiti cha magurudumu kinaweza kufika mbali. Kipande cha mwisho cha kilima ndicho kigumu. Nilimkuta shangazi kwenye mkahawa wa Windsor, mhudumu akanipa taulo la jikoni nikaushie nywele bila mimi kuomba. Samaki na chipsi kwa pauni 15 hivi, sahani moja tukala wawili.

Jumanne, 15 Oktoba

Mvua kutwa. Nilikausha viatu. Kasri lenyewe hufungwa Jumanne na Jumatano, wengi hufika getini wakarudi, basi panga siku zako.

Jumatano, 16 Oktoba. Bushy Park

Nilitaka kulinganisha. Njia nyingine ya miti ya kifalme iko Bushy Park, karibu na kasri la Hampton Court, inaitwa Chestnut Avenue. Kutoka Windsor nilipanda treni ya kituo cha Riverside (vituo viko viwili, usichanganye) hadi Twickenham, nibadilishe hapo kwenda Teddington. Treni ya pili ikafutwa, na iliyofuata ikachelewa. Nilikuwa nikimpigia shangazi kumweleza, mara baba mmoja mwenye fulana ya kung'aa aliyekuwa akifagia jukwaa akasimama. "Mama, unatokaka wapi?" Alikuwa wa Bukavu. Alinipeleka hadi jukwaa linalotumika, akanionyesha kwenye ubao mahali pa kutazama, akanipa nusu ya biskuti zake. Tulizungumza Kiswahili, chake na changu, mpaka treni ikaja. Alikataa katakata nimnunulie chai.

Kutoka kituo cha Teddington hadi lango la bustani ni mwendo mfupi wa miguu. Njia ina urefu wa maili moja hivi. Christopher Wren aliipanga iwe mlango mkuu wa kuingilia Hampton Court enzi za William III, miti ikapandwa mwaka 1699. Kila upande kuna safu moja ya michesnati farasi kandokando ya barabara, nyuma yake safu nne za milindeni. Simama pembeni, kati ya safu za milindeni. Kule nyuma utapata utulivu, na utaona jambo ambalo kwetu linajulikana kwa mbuzi: majani ya chini yote yamekatwa usawa mmoja, urefu anaofikia kulungu akinyoosha shingo.

Katikati njia inapanuka kuzunguka bwawa la mviringo lenye chemchemi iitwayo Diana, iliyohamishiwa hapo mwaka 1713. Lakini nilikaa muda mrefu zaidi kwenye miche. Palipokufa mti pamepandwa mwingine mstarini, na kila mche umezungushiwa kizuizi kirefu cha mbao na waya, imara kabisa. Nilikipiga picha kila upande, pembe, misumari, urefu. Wateja wangu wengi hununua mche wa shilingi 50 kisha hawataki kutumia 300 kuulinda na mbuzi wa jirani.

Mzee mmoja wa kukimbia alisimama kunisalimu alipoona kofia yangu ina bendera. Akaniambia wakimbiaji wa Kenya wamefanya mazoezi kwenye bustani hii miaka mingi, wakipanga nyumba Teddington, na mwaka 2005 mkimbiaji wa Uingereza Mo Farah alihamia kuishi nao ili ajifunze wanavyojituma. Bustani hii ndiyo pia ilikoanzia parkrun, mbio za bure za kila Jumamosi, mwaka 2004, kwa watu 13. Alinisindikiza hadi kituo cha basi akinionyesha miti anayoipenda.

Alhamisi, 17 Oktoba. Kasri na kaburi

Tiketi ya kasri mwaka huo wa 2024 ilikuwa pauni 30 ukikata mapema kwenye mtandao, siku yenyewe ni ghali zaidi. Ukaguzi ni kama wa uwanja wa ndege. Vyumba vya fahari nilivipita upesi, sikuvijia. Kanisa la St George ndilo nililolitaka, na limo ndani ya tiketi hiyo. Kupiga picha ndani hakuruhusiwi.

Kwenye kikanisa cha pembeni kuna jiwe jeusi sakafuni. Majina manne: George VI 1895–1952, Elizabeth 1900–2002, Elizabeth II 1926–2022, Philip 1921–2021. Watu wanapita wakitazama, wanasonga. Mimi nilikwama kwenye ule mwaka 1952.

Usiku wa tarehe 5 kuamkia 6 Februari 1952, Elizabeth II, binti wa George VI, alilala Treetops, nyumba iliyojengwa juu ya mti wa mugumo kwenye msitu wa Aberdare, si mbali na kitalu changu. Usiku huo baba yake alifariki Uingereza. Yeye alipewa habari Sagana, alipokuwa amefikia, na kutoka hapo akarudi kwao akiwa malkia. Oktoba mwaka huo huo hali ya hatari ikatangazwa Kenya. Nyanya yangu na majirani zake walifungiwa kwenye kijiji kilichozungushiwa handaki la miiba, na hakuwahi kulisimulia bila kusimama katikati. Mwaka 1954 wapiganaji wa Mau Mau wakaiteketeza Treetops. Mugumo wetu ni mti wa sala, ulifanywa hoteli, ukaungua vitani.

Mlinzi, mama wa makamo, aliona nimesimama muda mrefu, akaniuliza kwa upole kama niko sawa. Nilimwambia natoka Nyeri. Hakusema neno kuhusu malkia. Aliniuliza nyanya yangu alikuwa nani, kana kwamba alijua ninamfikiria mwingine. Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, foleni ikitupita.

Mchana nilirudi Long Walk peke yangu, jua limetoka. Nilitembea hadi Albert Road na kurudi, kwenye nyasi kati ya safu mbili badala ya lami. Nakushauri ufanye hivyo. Ukiwa barabarani unaona kasri. Ukiwa kati ya safu unaona miti. Nikawaza mugumo wa Waiyaki Way, Nairobi, ulionusurika mwaka 2020 baada ya watu kupiga kelele na amri ya rais kutolewa, wakati barabara kuu ya juu ilipokuwa ikijengwa. Ulikuwa mmoja. Miti mingine mingi ya barabara hiyo haikupata amri. Windsor nako miti imekatwa, tena kwa wingi. Tofauti niliyoiona ni kwamba waliokata walikuwa na miche tayari na mstari wa kuipanda.

Ijumaa na Jumamosi, 18 na 19 Oktoba. Kurudi

Kufungasha, kuagana, shangazi kulia kidogo. Mbegu ya chesnati niliyopewa na yule mtoto nilimwachia yeye dirishani. Mbegu na miche huhitaji kibali cha KEPHIS, shirika la Kenya linalokagua afya ya mimea, na cheti cha afya ya mimea cha nchi inakotoka, na kwa mtu wa kazi yangu kuingiza kiwavi wa kigeni kwenye miti ya Nyeri lingekuwa jambo zito.

Ukiondoa ndege na viza, na kwa kuwa nililala kwa ndugu, fedha nyingi ziliishia kwenye treni na tiketi ya kasri. Njia zote mbili za miti ni bure. Asiye na ndugu karibu atafute chumba Slough badala ya Windsor, bei inashuka sana na treni ni ile ya dakika sita. Kuhusu majira, Oktoba ina kulungu na mvua. Shangazi anasema Mei ndiyo mwezi wa michesnati, maua meupe yamesimama wima kwenye kila tawi, na Bushy Park huwa na sherehe ya Jumapili ya chesnati karibu na tarehe 11. Nimeshamwambia anitafutie tena barua ya mwaliko.